Siku moja Hiroshima na wanafunzi: makumbusho kwanza, kisiwa baadaye

Mkuu umeuliza ukiwa na wanafunzi siku moja tu Hiroshima uanze na Miyajima, kile kisiwa cha jirani, au Makumbusho ya Amani, yale ya bomu la atomiki. Mi nasoma huku Japani, tulishaenda na grupu la wanafunzi wa kigeni wa chuo chetu, na nakwambia makumbusho asubuhi, mlango ukifunguliwa tu muwe mpo, maana shule za Kijapani zinaleta watoto kwa mabasi na kukishajaa huwezi kusimama mbele ya kitu ukakitazama.

Na mle kutazama ndo kazi yenyewe. Kuna kibaiskeli cha miguu mitatu, kimeliwa na kutu chote, kilikuwa cha Shinichi Tetsutani, mtoto ambaye hata miaka 4 hajatimiza, alikuwa anakiendesha nje ya kwao tarehe 6 Agosti 1945 saa mbili na robo asubuhi bomu linalipuka. Baba yake alimzika nacho hapohapo nyumbani, akaja kufukua 1985 amhamishie kaburi la familia, baiskeli akaipa makumbusho. Grupu letu lilikuwa na kelele tangu stesheni lakini pale watu walinyamaza wenyewe. Sasa kitu kama hiki usimpitishe kijana jioni amechoka na anawaza feri ya kurudi, sio haki kwake wala kwa yule mtoto.

Mkitoka msikimbilie popote, tembeeni bustanini taratibu mpaka mnara wa Sadako Sasaki, msichana aliyepata kansa ya damu kwa mionzi ya bomu, akawa anakunja korongo wa karatasi akiomba apone, akafariki 1955 akiwa na miaka 12. Mtawakuta watoto wa shule wanaleta korongo wa karatasi waliokunja wenyewe, wamewatunga kwenye nyuzi, rangi zote. Waache vijana wako wakae hapo hata nusu saa.

Mchana kuleni okonomiyaki ya kule, kabichi lundo, tambi na yai juu, inapikwa mbele yenu kwenye bamba la chuma. Ila kawaida inawekwa nguruwe, na bamba ni hilohilo, kwa hiyo kama una Waislamu tafuta mgahawa wa halali mapema, usisubiri mfike mezani ndo uanze kuuliza.

Kwenda Miyajima treni ni ya haraka zaidi ila mi nakushauri tramu namba 2, mnapandia karibu na lile jengo lenye kuba lililobaki magofu baada ya bomu, inaenda moja kwa moja mpaka Miyajimaguchi kwenye feri, karibu saa nzima. Na humo waambie vijana kwamba wakati wa vita wanaume wakiwa jeshini wasichana wa shule, rika lao kabisa, ndo walikuwa wanaendesha tramu za mji huu, na siku 3 baada ya bomu kipande cha reli kilishaanza kufanya kazi tena. Wa kwetu walianza kuuliza maswali mfululizo hapo.

Feri ni kama dakika 10. Angalia kabla ratiba ya maji kujaa na kupwa, yakijaa lile lango jekundu la hekalu, limesimamishwa baharini, linaonekana linaelea, yakipwa mnatembea mpaka miguuni mwake mnaona limekaa kwa uzito wake tu, nguzo hazijachimbiwa chini. Mi napenda yakipwa. Na tiketi wafiche mfukoni, paa wa kule wanakula karatasi.