Mwanangu aliimba A mpaka Z, lakini herufi hakuzijua

Juzi mama mmoja ameniandikia: "Dada, mwanangu ana miaka minne. Nitajie programu moja tu ya herufi, niipakue leo leo." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Miaka miwili iliyopita mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza hivyo hivyo kwa kila niliyekutana naye.

Nilipakua saba. Mwezi haukuisha, mwanangu akawa anaimba A mpaka Z bila kukosea. Kila mgeni aliyekuja aliimbiwa. Nikamrekodi, nikatuma kwenye kundi la familia, pongezi zikamiminika, nami nikavimba kichwa. Moyoni nilijua nimezaa mtoto mwenye akili, na hilo sikukosea.

Ikafika siku ya kumwandikisha chekechea. Mwalimu akachukua karatasi, akaandika b ndogo kwa penseli, akamuuliza, "Hii ni nini?" Mtoto akaitazama. Akaigusa kwa kidole, akasubiri. Akaigusa tena, safari hii kwa nguvu. Alikuwa anasubiri karatasi iseme. Mwalimu akaandika B kubwa, na hapo uso wa mwanangu ukachangamka: "Mpira!"

"Mama, huyu bado hajui herufi hata moja," mwalimu akasema, mbele ya wazazi wenzangu. Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile, uso unaniwaka.

Usiku ule alipolala nilikaa na simu, nikacheza ile michezo mimi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Ndipo nikaelewa. Programu zote saba zilikuwa za Kiingereza. B ilikuja na picha ya mpira, kwa sababu mpira kwao ni ball. C ilikuja na paka, D na mbwa. Mwanangu alikuwa ameshika vizuri kabisa alichofundishwa: alama ile maana yake mpira. Na A ilitamkwa "ei", E ikatamkwa "ii", I ikatamkwa "ai". Mtoto aliyezoea kwamba E ni "ii" atasomaje "meza"? Atasoma "miza", na atakuwa hana kosa. Lugha yetu imetupa irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, halafu sisi wenyewe tunamvuruga mtoto kabla hajaanza.

Nikaona na jambo la pili. Mtoto akikawia kujibu, herufi sahihi ilikuwa inaanza kumetameta. Kumbe mwanangu hakuwa anachagua, alikuwa anangoja imetamete.

Sisemi kifaa hakifundishi. Mwaka 2019 programu za Kitkit School na onebillion ziligawana tuzo ya Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, baada ya programu tano zilizofika fainali kujaribiwa kwa miezi 15 kwenye vishikwambi, na watoto karibu 3,000 wa vijiji vya Tanga, Tanzania. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia darasani. Lakini zile zilitengenezwa kwa Kiswahili, lugha anayoiota mtoto usiku. Tofauti iko hapo.

Nikafuta sita, zote isipokuwa moja niliyoweza kuigeuza iwe ya Kiswahili. Dakika 15 kwa siku, nami nimekaa ubavuni mwake, data imezimwa ili matangazo yasimvute. Herufi aliyoicheza kwenye simu lazima itoke nje ya simu: aichore mchangani, aiandike kwa chaki sakafuni, aitafute kwenye gazeti. Tulianza na irabu, tukaja m: ma, me, mi, mo, mu. Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa kurudia na kurudia. Ila siku alipounganisha ma na ma, akanyamaza, kisha akageuka kunitazama usoni, "Mama? Ni wewe?", nililia.

Sasa anasoma. Mwezi uliopita alimsomea bibi yake ukurasa mzima, kidole kikitembea chini ya maneno, na bibi hakumsaidia hata mara moja.

Wazazi wenzangu, tuache kumkabidhi mtoto simu ili sisi tupumzike, kisha tukaita hilo elimu. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na wa chini ya miaka miwili asipewe kabisa. Mimi nilikuwa napitisha saa tatu na kujisifu. Kaa naye. Mtoto anahitaji mtu wa kumgeukia anapoliona neno.

Na wewe dada uliyeniandikia: kabla hujampa chochote, ifungue peke yako, ongeza sauti, bonyeza A. Ikisema "ei", ifute.