Majibu ya mke si majibu ya mume

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, ni mama lishe Mbagala. Naishi na mwenzangu, dereva wa bodaboda, mwaka wa pili sasa. Kondomu tuliziacha baada ya miezi michache, tulipoona tumeshaaminiana. Nina mimba ya miezi minne, na kliniki nimepima, sina virusi vya UKIMWI (VVU). Yeye hataki kupima. Anasema kama mimi sina, na yeye hana. Jirani anatushauri tununue unga wa kusafisha damu tuwe na uhakika. Je, majibu yangu yanatosha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayatoshi, na nitalisema hili hadi nichoke. Kila wiki wanaume wananionyesha kadi ya kliniki ya mke kana kwamba ni cheti chao. Kadi ile inaeleza damu yako peke yako, tena maambukizi ya wiki chache zilizopita huenda yasionekane bado.

Virusi haviambukizwi kila mnapokutana. Kwa mwanamke ambaye mwenza wake ana VVU na hatumii dawa, hatari ya tendo moja la kawaida bila kondomu inakadiriwa kuwa chini ya mara moja katika 1,000. Kwa hiyo watu huishi miaka kadhaa, mmoja anavyo, mwingine hana, na wote wawili wanajiona salama kwa kutazama majibu ya yule asiyekuwa navyo. Wastani huo hupanda sana mwenye virusi akiwa ameambukizwa karibuni, kukiwa na vidonda vya magonjwa ya zinaa, na mwanamke akiwa mjamzito kama wewe. Ukiambukizwa sasa, virusi vitajaa mwilini kwa kasi na mtoto atakuwa hatarini zaidi kuliko wa mama aliyeanza ARV, dawa za kufubaza virusi, kabla ya mimba.

Sikulaumu kwa kondomu. Watu wakihamia chumba kimoja, ndizo huachwa kwanza. Kodi ya miezi sita kailipa yeye, mchele wa biashara kakukopesha yeye, na siku ukitaja kondomu unaulizwa: unanishuku, au wewe ndiye unatoka nje? Mwanamke anahesabu gharama ya swali hilo, ananyamaza. Naona wenye kipato kidogo wakilipia ukimya huo zaidi, kwa sababu kuachwa kwao ni kukosa pa kulala.

Lakini uhusiano uliotulia unaweza pia kuwalinda. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mwenye VVU akianza ARV mapema, maambukizi kwa mwenza hupungua kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata, hadi 2019, hazikupata hata mwenza mmoja aliyeambukizwa na mwenzake ambaye virusi vyake vimefubazwa na dawa. Kwa hiyo mwenzako akikutwa navyo, dawa zipo bure na ndoa inaendelea. Mwambie hivyo kabla hujamwomba apime.

Mwombe mje kliniki pamoja. Akikataa, uliza kama kituo chenu kina vipimo vya kujipima, sheria imeviruhusu tangu 2019. Kikionyesha virusi, lazima athibitishwe kituoni. Kama anameza ARV kwa siri, kipimo hicho kinaweza kumwonyesha hana. Wakati huo tumieni kondomu, ulizia dawa kinga, PrEP, ambayo mjamzito anaweza kuitumia, na urudie kipimo mimba ikikaribia mwisho. Ukiona kumtajia haya kutakuletea kipigo, mwambie mnasihi kwanza, faragha.

Huo unga sasa. Hakuna unga unaosafisha VVU kwenye damu, na anayeuuza anajua hamtapima baada ya kuunywa. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu, shilingi 500, na wapo walioweka ARV pembeni wakiamini wamepona. Leo kikombe kimekuwa pakiti inayotangazwa WhatsApp, na bei imepanda mara nyingi. Mnunuzi anajisikia vizuri wiki mbili, anawaambia majirani amepona, anarudi kwa mwenza bila kinga. Ninaowapokea baada ya unga huo wanakuja wamekonda, wamekohoa miezi, kifua kikuu kimeshaingia, na wake zao wamekaa kwenye benchi la nje wakisubiri kupimwa kwa mara ya kwanza.