Madoa hayo si uchafu

Moshi

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama mswaki wa mti utaondoa madoa ya kahawia kwenye meno yako, maana wenzako huko Dar wanadhani hupigi mswaki.

Hautayaondoa. Hayo ni maji ya utotoni. Visima na chemchemi nyingi za kuzunguka Mlima Meru, ulikokulia, zina floraidi, madini yanayoyeyuka majini, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa kabla ya kama miaka 8, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, gamba la jino hutoka na dosari, kisha linanyonya rangi. Kwa hiyo usiyasugue kwa mkaa wala mchanga. Utakwangua gamba na meno yataanza kufa ganzi.

Ukizaa, usitegemee kuchemsha. Maji hupungua, floraidi hubaki, inakolea. Tumia maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa kama wanavyofanya kwenye kituo cha Ngurdoto cha kuondoa floraidi, huko Arusha. Na magadi kwenye maharage ya mtoto, acha kabisa, nayo yana floraidi.

Mswaki wa mti wenyewe usiuonee haya. Neno mswaki limetoka kwenye Kiarabu na lilikuwa jina la kijiti. Brashi ya nailoni imekuja juzi tu, 1938, na kabla yake walitumia manyoya ya nguruwe. Chukua kijiti cha unene wa penseli, urefu wa shibiri. Menya ganda sentimita 1, kikiwa kikavu kiloweke, kisha kitafune polepole mpaka nyuzi zifunguke. Kishike kama kalamu, piga kutoka kwenye ufizi kwenda ncha ya jino. Wengi husugua kwa ubavu kama wanapiga msasa. Ufizi unarudi nyuma, shina la jino linabaki wazi, na chai ya moto inachoma. Kila siku kata nyuzi za jana, menya upya.

Ila nyuzi zake zimenyooka sawa na mpini, hivyo magego upande wa ulimi hazifiki vizuri, na ukoga hujificha huko huko. Usiku tumia wa dukani, na dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere. Hiyo haikuongezei madoa, meno yako yamekwisha kujengeka. Tema povu, usisukutue.

Ukitaka weupe, muone daktari wa meno. Madoa mepesi hupunguzwa, mazito hufunikwa.

Mama yako