Kwa vijana mnaoanza kupima visima vya Dar

Wengi wenu mtaanzia tulipoanzia wote: bakteria wa kinyesi, naitreti na chumvi. Ni sawa. Jiji hili lina nyumba nyingi ambazo karo la choo na kisima vimo kwenye ua mmoja, kwa hiyo vipimo hivyo vitatu vitakuonyesha shida za visima vingi. Ila kuna uchafu ambao havigusi kabisa, na mteja akishapewa karatasi yenye "safi" tatu anaondoka akiamini maji yote ni salama. Nazungumzia kemikali za kuondolea mafuta, hasa ile ya madrai klina, wanaofua nguo kwa mashine ya kemikali badala ya maji.

Jina lake ni tetrakloroethilini. Maabara huandika PCE. Usimchanganye mwenye mashine yake na dobi wa kawaida anayefua kwa maji, sabuni na pasi ya mkaa. Huyo hahusiki, na ukimwendea na maswali yako ya kemikali utamharibia riziki bure.

Petroli ikivuja huelea juu ya maji ya ardhini. PCE huzama, maana lita moja ina uzito wa takriban kilo 1.6. Hupenya mchanga, hupita usawa wa maji na kuendelea kushuka mpaka ikutane na tabaka la mfinyanzi. Hapo hutuama, au huteleza kufuata mteremko wa mfinyanzi wenyewe, ambao si lazima uwe upande maji yanakoelekea, kisha inaendelea kuyeyuka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Na kidogo chake si kidogo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita. Piga hesabu: lita moja ya PCE ikisambaa sawasawa inatosha kufikisha kiwango hicho kwenye lita milioni 320, yaani simtanki 64,000 za lita 5,000. Usitegemee pua. Harufu huanza kusikika ikiwa imeshapita kiwango hicho zaidi ya mara kumi.

Ndiyo maana mwenye nyumba akijisifu kuwa kisima chake kina mita 80 namsikiliza kwa adabu, halafu naomba karatasi za mchimbaji. Visima vingi vilichimbwa jijini baada ya ukame wa 1997, na karatasi mara nyingi hazipatikani. Kama nafasi kati ya udongo na bomba haikuzibwa vizuri kwa saruji au bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa), basi kisima chenyewe ndicho njia: kimetoboa mfinyanzi uliokuwa unalinda maji ya chini. Kina peke yake hakilindi kitu.

Kazi yenyewe, kwa maoni yangu, inaanza kwa maswali kabla ya chupa. Msalimie mwenye nyumba, kaa, kisha uliza hapa na jirani palikuwa na nini zamani. Mpangaji wa leo hajui. Fremu inayouza simu sasa hivi huenda miaka ya tisini ilikuwa na mashine ya kufulia suti. Mjumbe wa mtaa na bibi aliyehamia mapema watakueleza zaidi ya ramani yoyote. Usiulize "mlikuwa mnachafua?" Uliza: mashine ilikaa wapi? Maji yake yalimwagwa wapi? Ule uchafu mzito unaobaki baada ya kusafisha dawa ya mashine, yaani hiyo PCE, na vichujio vilivyochakaa, vilitupwa wapi? Mashine hizi hutoa maji kidogo yaliyotenganishwa na dawa, yanaonekana masafi kabisa, na mtu asiyejua huyamwaga kwenye sinki. Nayo yana PCE. Sinki likiishia kwenye karo, yameshafika ardhini.

Hili si la kufikirika. Kule North Carolina, Marekani, ABC One-Hour Cleaners ilianza kazi mwaka 1953 jirani na kambi ya jeshi ya Camp Lejeune, na taka zake ziliingia kwenye karo la maji taka. PCE ikafika kwenye visima vya makazi ya Tarawa Terrace, familia za wanajeshi zikanywa kwa miaka mingi. Mwaka 1985, visima vilipofungwa, maji ya huko yalikuwa yameshapimwa na kukutwa na mikrogramu 215 kwa lita. Sasa tazama ni mitaa mingapi ya Dar ambayo haijaunganishwa na bomba la maji taka, utaelewa kwa nini swali la karo siliachi.

Magereji na wachapaji waulize hivyohivyo. Nao wana dawa zao za kuoshea grisi.

Sasa sampuli. PCE hurukia hewani upesi, kwa hiyo chupa ya plastiki ya maji ya dukani haifai hata kidogo. Agiza maabara vichupa vya kioo vya mililita 40, na kabla ya kukubali kazi hakikisha maabara hiyo inapima kemikali za aina hii, maana si zote zinazoweza. Chota kwenye bomba lililo karibu na pampu, kabla maji hayajapanda kwenye simtanki. Yakishalala tenkini sehemu ya kemikali imeondoka na jibu litakudanganya. Endesha pampu mpaka joto la maji na kipimo cha chumvi vitulie. Punguza maji yatiririke taratibu ubavuni mwa kichupa, yajae mpaka yatune mdomoni, funga, geuza juu chini, gonga kwa kidole. Ukiona kiputo cha hewa, chukua kichupa kingine. Tindikali iliyowekwa ndani na maabara usiisuuze. Weka kwenye barafu, na usipakie kwenye bajaji yenye dumu la petroli. Beba pia kichupa cha maji safi kutoka maabara, kiende na kurudi bila kufunguliwa. Kikikutwa na kemikali, ujue uchafu uliingia njiani.

Mteja atakuuliza kama kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huitoa kwenye maji na kuiingiza kwenye hewa ya jiko. Vidonge vya klorini haviigusi. Kichujio cha kaboni hai, yaani mkaa maalumu wa kunasa kemikali, kinaikamata, mradi kibadilishwe kwa wakati, ila jibu likizidi kiwango mimi huwaambia waache kunywa na kupikia maji hayo na watafute ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Kuoga kwa maji yake ya moto kwenye bafu lisilo na dirisha nako hakufai.

Kwenye ripoti usiandike "maji ni salama". Andika ulichopima, kiasi, tarehe, na bomba ulilochotea. Kama mwenye nyumba anawauzia majirani kwa ndoo, mwombe ruhusa mapema ya kuwaonyesha jibu, kabla hajajua ni jibu gani. Likiwa baya, lifikishwe pia Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, pasipo kumtaja mchafuzi ambaye huna ushahidi naye. Likiwa safi na kule jirani palikuwa na mashine, rudi baada ya masika na urudi tena mwakani, kwa sababu maji ya ardhini husogea polepole na uchafu wa kiwanja cha pili huenda bado uko njiani.