Rangi zikigombana kwenye blanketi la viraka

Blanketi langu la kwanza la viraka nilimshonea mtoto wa dada yangu, kwa mabaki ya vitenge na khanga yaliyokuwa yamejaa chini ya cherehani yangu hapa Kirumba, Mwanza. Nilichambua vipande vilivyonivutia kuliko vyote: rangi ya chungwa inayowaka, kijani kibichi, bluu ya wino, damu ya mzee. Nikaunga vipande 80 kwa muundo wa nyota, nikatandika kitandani, nikarudi kinyumenyume hadi mlangoni kutazama. Zile nyota nilizozikata kwa siku tatu sikuziona. Shangazi akachungulia, akasema, "Mwanangu, humu kila mtu anaongea, hakuna anayesikiliza."

Nilikaa na maneno yake hadi nikaelewa. Nilikuwa nimechagua kila kitambaa kwa uzuri wake peke yake. Kumbe kinachotenganisha kipande na jirani yake ni ukolevu wa rangi kuliko jina lake. Nyekundu na kijani zikikolea sawasawa, ukisimama mbali zinamezana. Siku hizi, kabla sijashika mkasi, nagawa mafungu matatu: zilizokolea, za kati na zilizopauka. Nikisitasita, nafinya macho, au napiga picha kwa simu na kuigeuza iwe ya nyeusi na nyeupe. Vipande viwili vikitoka na kijivu kilekile, siviweki pamoja.

Shida yetu sisi wa vitenge ni fungu la tatu. Vitenge vingi vimekolea, vilivyopauka ni vya kutafuta. Mimi hununua mashati ya mitumba ya wanaume pale soko la Mlango Mmoja, yale ya pamba yenye mistari myembamba. Shati moja linatoa vipande vingi. Pia kitenge kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliofifia. Kigeuze, utapata rangi ileile kwa sauti ya chini. Kitenge cha wax hakikusaidii hapo, kwa kuwa pande zake zote mbili zimekolea.

Halafu kuna ukubwa wa maua. Ndege mzuri wa kwenye kitenge ukimkata kwa inchi 4 anabaki bawa na kipande cha jani. Toboa karatasi dirisha la ukubwa wa kipande chako, ulitembeze juu ya kitambaa. Utaona kitakachobaki kabla hujakata.

Na rangi usiinunulie chini ya taa. Toka nayo mlangoni, uione kwa mwanga wa mchana. Nimewahi kurudi nyumbani na nyeusi, asubuhi nikakuta ni bluu.

Turudi kwenye lile blanketi. Sikulitupa. Nilifumua vipande vya pembeni mwa kila nyota, nikaweka marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba kisicho na maua. Ikawa nyeupe mno, inaumiza macho. Basi nikaipika kwenye chai: vijiko vinne vya majani ya chai kwa lita nne za maji, chemsha, chuja, kisha tumbukiza kitambaa ambacho tayari umekilowesha maji matupu ili kishike rangi bila mabaka. Nusu saa inatosha. Usiogope kikionekana kimekolea kikiwa kimelowa, kikikauka kinafifia. Nilipokishonea, nyota zikatokea zote.

Furaha hiyo ilidumu hadi siku ya kufua. Ile damu ya mzee, ambayo ilikuwa khanga mpya, ilichuja. Marekani yangu ikashika uwaridi pembeni mwa kila nyota. Niliambiwa niweke chumvi, niweke siki. Niliweka, haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kutoliacha likauke. Nililirudisha kwenye pipa lenye maji mengi ya moto na sabuni ya unga, likiwa limezama kabisa, likalala humo usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa kama juisi ya rozela. Nikamwaga, nikarudia mara tatu mpaka maji yakabaki meupe, ndipo nikalianika. Maji yawe mengi kweli, kwa sababu rangi iliyochuja ikikosa pa kuelea inarudi kwenye kitambaa. Na usikimbilie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maana itakula rangi ya vitenge vyote.

Tangu hapo hakuna khanga, kitenge wala batiki inayoingia kwenye kazi yangu bila kufuliwa peke yake. Nakata kipande kidogo, nakilowesha, nakibana na kitambaa cheupe kwa kidole gumba. Kikiacha alama, nakifua tena. Kikichuja hadi mara ya tano, nakishonea mfuko wa sokoni.

Ikitokea blanketi limeisha na kipande kimoja bado kinakukera, huna haja ya kufumua. Kata kipande kingine chenye rangi inayofaa, kikubwa zaidi kwa robo inchi kila upande, kunja pindo ndani, ukishonee juu ya kile cha zamani kwa mkono, kwa uzi wa rangi yake. Kwenye blanketi la mtoto wa dada yangu viko viwili vya namna hiyo, na hadi leo mama yake hajavigundua.