Mgongo Unaouma Zaidi Ukipumzika

Mgongo ukiuma, kila mtu ana ushauri, na karibu wote ni mmoja: lala, pumzika, usiinue kitu kizito. Mimi nilivyozidi kulala ndivyo nilivyozidi kukakamaa. Saa tisa usiku maumivu yaliniinua kitandani nikazunguka chumbani hadi yatulie. Asubuhi kuvaa soksi ilikuwa shughuli nzito, lakini ikifika saa nne, baada ya kutembeatembea, nilikuwa mzima kabisa. Nani angeamini kwamba sideki?

Ugonjwa wenyewe ni ankilosing spondilaitisi, aina ya baridi yabisi inayoshika uti wa mgongo. Kinga ya mwili huchochea uvimbe kwenye maungio, kwanza pale uti unapokutana na mifupa ya nyonga. Usipodhibitiwa, baada ya miaka mfupa mpya unaweza kuota katikati ya pingili na kuzigandisha. Huanza mtu akiwa kijana, mara nyingi kabla ya miaka 45, na kwa sababu hiyo wengi huambiwa wamelala vibaya tu.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari, usiishie kusema mgongo unauma. Eleza saa. Unauma usiku wa manane? Asubuhi unakakamaa zaidi ya nusu saa? Unapungua ukijongea na kurudi ukikaa? Umedumu zaidi ya miezi mitatu? Maumivu yanahama kutoka kalio moja kwenda jingine? Taja pia kama wewe au ndugu wa damu ana psoriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye mabaka na magamba) au ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa utumbo). Majibu hayo yana uzito kuliko kilio chochote.

Picha ya eksirei ikitoka safi, usikate tamaa, kwani mabadiliko huchukua miaka kuonekana humo; MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huonyesha uvimbe mapema zaidi. Kipimo cha jeni ya HLA-B27, ambayo uhusiano wake na ugonjwa huu ulitangazwa mwaka 1973, husaidia lakini hakiamui kesi: wengi walio nayo hawaugui kamwe, na wapo wagonjwa wasio nayo.

Dawa huanza na jamii ya ibuprofeni na naprokseni. Zinanisaidia sana, ila zinaweza kuchubua tumbo na kuumiza figo, kwa hiyo daktari ajue unameza kiasi gani. Zisipotosha kuna sindano za kuzuia TNF au IL-17, protini za mwili zinazochochea uvimbe. Kabla ya zile za TNF lazima upimwe kifua kikuu, maana kilichojificha mwilini kinaweza kuamka.

Mazoezi, hata hivyo, hayana mbadala. Kila siku nasimama ukutani: visigino, makalio, mabega, kisogo. Kisogo kikianza kukataa kugusa ukuta, najua nimezembea. Kuogelea ni kuzuri pia. Sigara iache, huu ugonjwa unaipenda.

Na wale wa kuvunjavunja mgongo ulie “kwa!”, waepuke. Pingili zilizogandana huvunjika kirahisi kuliko unavyodhani, hata kwa kuanguka kidogo.

Jicho nalo. Likiwa jekundu ghafla, likauma na kuogopa mwanga, usinunue dawa ya matone dukani ukasubiri. Uvimbe wa ndani ya jicho huenda sambamba na ugonjwa huu, na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, na umwambie kuhusu mgongo.