Kwa Nini Yai la Sufu Hutoka Bapa na Kuzunguka Kwenye Ndoano?

SWALI: Ndugu fundi, nimekuwa nikifunga nzi bandia wa kuvulia trauti kwa miaka miwili sasa, na wale wa manyoya hawanisumbui tena. Wanaonishinda ni wa umbo la yai la samaki. Kila ninapomaliza kukata sufu, yai hutoka bapa upande wa juu mithili ya uyoga, na baada ya kunasa samaki wawili watatu huanza kuzunguka kwenye ndoano. Nikijaribu kukaza zaidi, uzi hukatika. Nimebadilisha mkasi mara mbili bila nafuu yoyote. Nakosea wapi? Naomba pia unieleze kuhusu ukubwa na rangi zinazofaa, na kama kuna haja ya kulifunika yai kwa utando mweupe kama wafanyavyo wengine.

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuyataja matatizo yote matatu kwa pamoja, kwa kuwa yanahusiana: mawili ya kwanza chanzo chake ni mkazo hafifu wa uzi juu ya sufu, na la tatu, uzi kukatika, ndilo linalokuzuia kukaza. Mkasi wako hauna hatia. Sufu inapobanwa barabara katikati, nyuzinyuzi zake hukosa nafasi pale penye mbano na hulazimika kutawanyika kila upande, kama chelewa za ufagio uliofungwa sawasawa shingoni. Mtawanyiko huo ndio unaoleta mviringo. Mbano ukilegea, nyuzinyuzi hubaki zimelala juu ya ndoano jinsi ulivyoziweka, nawe hata ukikata kwa mkasi wa daktari wa upasuaji utapata uyoga uleule. Na kwa kuwa mbano huohuo ndio unaoishikilia sufu isiteleze, yai lililo bapa leo ndilo litakalozunguka kesho mtoni.

Tuanze na uzi wenyewe. Uzi mwembamba wa kawaida, unaofaa sana kwa nzi wa manyoya, haukuundwa kwa kazi hii. Tumia uzi wa polietilini wa denia 100 au zaidi kidogo. Denia ni uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi, kwa hiyo denia 100 bado ni uzi mwembamba, ila nguvu zake ni mara kadhaa ya zile za nailoni ya unene uleule. Kasoro yake ni utelezi, na dawa ya utelezi ni kuupaka nta kabla ya kuanza. Kevlar, aina nyingine ya uzi wenye nguvu, nayo hufaa, ingawa mimi huiepuka kwa sababu huumaliza makali mkasi ambao baadaye nitauhitaji kwa mkato mmoja safi.

Hata hivyo, kabla ya kununua uzi mpya, chunguza kinachoukata huo ulio nao. Mara nyingi ni mdomo wa kile kijirija cha chuma ambamo uzi hupitia ukitoka kwenye bobini. Pitisha kipande kidogo cha pamba kuuzunguka mdomo huo. Ikiwa nywele za pamba zitanasa mahali, hapo pana mkwaruzo, na hakuna uzi utakaovumilia kukazwa juu yake. Mshukiwa wa pili ni ncha ya ndoano. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliulaumu uzi kwa majuma mengi, hadi siku moja nilipoinamisha taa na kuona kwamba kila mzunguko wa mkono wangu ulikuwa ukiuchuna uzi kidogo kwenye ncha, na kisha ukikaza tu, unakatikia palepale palipochunwa. Tangu hapo huibana ndoano kwenye jiriwa kwa namna ambayo ncha yake imezama kidogo ndani ya meno ya jiriwa, maadamu nisiiharibu.

Suala la pili ni kiasi cha sufu, na hapa nakisia bila kuona kazi yako kwamba unaweka nyingi mno. Wengi hudhani sufu nyingi huzaa yai nene la duara, kumbe uzi hauwezi kulibana fungu kubwa hadi kwenye moyo wake. Huzibana nyuzinyuzi za nje, zile za ndani zikabaki huru. Kwa ndoano namba 14 anza na kipande kimoja tu cha sufu ya mayai, na kwa namba 10, ambayo ni kubwa zaidi, viwili. Ukimaliza ukaona yai ni jembamba kiasi cha mwanga kupenya pembeni mwake, usiongeze kitu. Hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa, kwani yai halisi nalo hupitisha mwanga, na sufu iliyosongamana hubeba hewa nyingi na kukataa kuzama.

Sasa fuatana nami mezani. Chukua ndoano ya mti mfupi (mti ni ule mwili ulionyooka wa ndoano) na mdomo mpana, yaani uwazi kati ya mti na ncha. Funika theluthi ya katikati ya mti kwa mizunguko ya uzi iliyogusana, bila kuacha chuma kitupu, kwa sababu sufu iliyofungwa juu ya chuma kitupu lazima itazunguka. Weka tone dogo la gundi kali juu ya mizunguko hiyo, na kabla halijakauka laza sufu juu yake, urefu wake ukifuata urefu wa mti, katikati yake ikiwa juu ya katikati ya msingi. Ishike kwa kidole gumba na cha shahada kutoka pande zote mbili. Izungushe bobini ili uzi ujisokote na kuwa wa mviringo. Uzi uliosokotwa huzama ndani ya sufu, ilhali uzi uliolala bapa huikumbatia tu kwa juu.

Pitisha mizunguko miwili iliyolegea juu ya sufu mahali pamoja, kisha vuta uzi taratibu kuelekea chini moja kwa moja. Ukivuta kuelekea kwako, sufu itasogea upande wa pili wa mti na yai litakaa kombo. Endelea kuvuta huku ukitazama sufu: kwanza itajikunja katikati, halafu ncha zake zitaanza kuinuka zenyewe mbele na nyuma, na mwisho utaona baadhi ya nyuzinyuzi zikishuka pembeni mwa mti na kutokeza chini yake. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo unayoingoja. Mbano ambao haujazifanya nyuzinyuzi zishuke chini ya mti haujakamilika, na bila shaka hapo ndipo umekuwa ukiishia. Ongeza mizunguko mitatu palepale, kila mmoja ukikazwa kivyake, kisha uinue sufu ya mbele, upeleke uzi mbele yake, na ufunge fundo la kumalizia nyuma ya tundu la ndoano. Fundo hufungwa kabla ya kukata, maana ukikata kwanza utapambana na nyuzinyuzi zinazoingia ndani ya fundo.

Kukata nako kuna hesabu yake. Kusanya sufu yote, ya mbele, ya nyuma na ile iliyoshuka pembeni, uivute juu kwa nguvu kana kwamba unataka kuing'oa, kisha uikate kwa mkato mmoja. Kila unyuzi huanzia kwenye mbano, kwa hiyo urefu unaoubakiza utakuwa nusu ya kipenyo cha yai: ukitaka yai la milimita 6, kata milimita 3 juu ya mti. Mkasi wenye bapa zilizopinda hukata vizuri zaidi kuliko ulionyooka, na ukiwa na meno madogo hauachi sufu iteleze. Mara tu unapoachia, sufu hufumuka na kuwa tufe. Irembeshe kwa kuisugua kidogo kwa kidole, kisha uache. Kishawishi cha kupunguza hapa na pale ni kikubwa, nami nakufahamisha kwamba kila mkato wa nyongeza huacha ubapa unaodai mkato mwingine upande wa pili, mpaka yai la samoni ligeuke punje ya mtama. Ruhusa ninayoitoa ni moja tu: geuza ndoano na utazame chini ya mti. Yai la milimita 6 kwenye ndoano yenye uwazi wa milimita 6 hushusha milimita 3 za sufu na kuacha milimita 3 wazi mbele ya ncha, jambo ambalo linatosha. Ikiwa sufu inakaribia ncha zaidi ya hapo, punguza ya chini, kwani samaki atalibana yai na kulitema bila kuguswa na ndoano.

Kuhusu ukubwa, mayai ya trauti wengi yana kipenyo cha milimita 4 hadi 5 hivi, na ya samoni wakubwa hufika milimita 8 au kuzidi. Yai la sufu lenye milimita 5 hadi 6 litakufaa katika maji maangavu. Maji yakiwa na tope au yakienda kwa kasi, ongeza mpaka milimita 8 ili lionekane. Trauti wa kahawia hutaga majira ya kupukutika kwa majani, na trauti wa upinde wa mvua kwa kawaida majira ya kuchipua, kwa hiyo hizo ndizo nyakati ambazo mayai yaliyochopolewa na mkondo kutoka kwenye kokoto hupita mbele ya samaki kwa wingi.

Rangi huhitaji umakini kuliko ukubwa. Yai hai huwa na rangi ya chungwa iliyochanganyika na waridi au manjano, nalo hupitisha mwanga. Yai likifa, maji huingia ndani na protini zake huganda, likawa jeupe lisilopitisha mwanga. Mayai mengi yanayozagaa mtoni ni ya aina hii ya pili au yako njiani kuelekea huko, na ndiyo maana rangi iliyopauka, kama ya malai au ya pichi hafifu, hunasa samaki siku ambazo rangi ya chungwa inayong'aa inawashtua. Usichague rangi sufu ikiwa kavu. Mimi huweka glasi ya maji karibu na jiriwa. Yai likidumbukizwa na kuminywa hewa itoke, huonekana tofauti kabisa, rangi ikipungua ukali na kingo zikipotea. Kwenye glasi hiyohiyo ndipo utakapoona faida ya kidoa chekundu. Chomeka nywele chache za sufu nyekundu juu ya sufu ya pichi kabla ya kukaza, zikate pamoja, nalo doa litajificha yai likiwa kavu na kujitokeza ndani yake likilowa, kama kiini kinachoonekana kupitia ganda.

Mtoni, liminye yai kwenye maji kabla ya kulitupa, na ufunge chubwi ndogo kwenye mshipi sentimita 15 hadi 20 juu yake, kwa sababu mayai halisi ni mazito kuliko maji na husafiri karibu na sakafu ya mto kwa mwendo wa mkondo. Epuka kukanyaga yale maeneo ya kokoto safi zilizopauka kuliko zilizozizunguka. Chini yake kuna mayai yaliyofukiwa, na samaki wanaokula mayai yaliyopotea husimama mbele kidogo ya hapo, upande unakoelekea mkondo. Soma pia kanuni za maji unayovulia, kwani baadhi ya maeneo yaliyotengewa nzi bandia pekee hayamhesabu nzi wa yai kuwa mmoja wao.

Umeuliza mwisho kuhusu utando mweupe. Utando huo huiga ukungu wa mbegu za dume linaloyarutubisha mayai, nao una maana wakati samaki wanapotaga. Baada ya kipindi hicho mimi siuweki. Ukiamua kuuweka, chukua nywele za sufu nyeupe chache kiasi kwamba ukiziweka juu ya maandishi utaweza kuyasoma, uzisambaze kuuzunguka mti nyuma ya tundu la ndoano zikielekea mbele, uzifunge, kisha uzirudishe nyuma zilifunike yai lote na zilipite kwa milimita 2 au 3. Zikizidi hapo hujiviringisha kwenye ncha ya ndoano kila unapotupa.